Kikombe cha Pili cha Mama

Wiki ile cherehani ya Kitinda haikupoa. Alishona mapazia mapya. Alishona kitambaa cha meza. Mabaki ya vitambaa hakuyatupa, aliyaunganisha yakawa vizulia vidogo vya rangi nyingi. Kimoja alikitandika mlangoni, kingine sebuleni, kingine kwenye korido. Hata choo kilipata cha kwake.

"Ukiendelea hivi," mumewe alimtania, "siku moja nitaamka nimeshonewa zulia mgongoni."

Kitinda alicheka, mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Yeye ndiye kitinda mimba wa mama yake, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kuolewa. Miaka yote ndugu walikula Krismasi kwa Mama. Lakini mwaka jana Mama alianguka, akavunjika nyonga. Alitibiwa akapona. Sasa alikuwa akitembea kwa mkongojo na kuishi kwa kaka mkubwa. Ndipo Kitinda akapiga moyo konde, akawaambia ndugu zake, "Mwaka huu njooni kwangu."

"Kwako wewe?" kaka mkubwa alicheka. "Wewe uliyekuwa ukilia mpaka upewe paja la kuku?"

Zilipobaki siku sita, Mama alipiga simu.

"Mwanangu, nyinyi kuleni mfurahi. Mimi nitabaki huku nilinde nyumba."

"Mama! Siku ya Krismasi ulinde nyumba?"

"Miguu yangu unaijua. Nitakuja mwaka mwingine, Mungu akipenda."

Kitinda aliweka simu mezani. Alitazama mapazia yake, akaona hayana maana. Krismasi bila Mama ingekuwa Krismasi gani? Tena wazo moja lilimchoma zaidi: labda Mama hapendi nyumba yangu.

Alasiri hiyo jirani yake alikuja kuchukua gauni. Jirani huyu alifanya kazi hospitalini. Aliwafundisha kutembea tena watu waliovunjika au kupooza. Mtaa mzima ulimwita Mama Mazoezi. Alipoingia tu, kizulia cha mlangoni kiliteleza. Akadaka fremu ya mlango.

"Nusura nikuachie meno yangu hapa!" alisema. Kisha akamtazama Kitinda. "Mbona macho mekundu, mdogo wangu?"

Kitinda alimweleza yote. Mama Mazoezi alisikiliza, akauliza swali ambalo Kitinda hakulitarajia.

"Mara ya mwisho Mama alipokuja hapa, baada ya kupona, alikunywa chai?"

"Hata hakuigusa. Alisema ameshiba. Maji pia alikataa."

"Alikaa muda gani?"

"Kutwa nzima."

"Alikwenda chooni?"

Kitinda alirudisha mawazo siku ile. Hakukumbuka. Alifikiri tena. La, Mama hakwenda.

"Njoo," Mama Mazoezi akamshika mkono. Walikwenda chooni. "Kalia hapo. Haya, sasa inuka kwa mguu mmoja. Usishike kitu."

Kitinda alijaribu. Alirudi chini kama mzigo. Alijaribu tena, akayumba, akashika pazia jipya la dirisha. Pazia likashuka na kamba yake.

"Umeona?" Mama Mazoezi alisema taratibu. "Mama hakuichukia nyumba yako. Anakiogopa choo chako. Wazee wengi wako hivyo. Wakienda ugenini hawanywi kitu, ili wasihitaji kwenda. Na wanaona haya kusema. Lakini mtu asipokunywa, mwili unakauka. Kizunguzungu kinamshika. Basi anaanguka kwa urahisi zaidi."

Kitinda alitazama kizulia chini ya miguu yake. Machozi yakamtoka. "Na mimi wiki nzima namshonea mitego!"

"Umemshonea mapenzi," jirani akamjibu. "Umeyatandika mahali pasipofaa tu. Vizulia viondoe sakafuni. Weka taa yenye mwanga kwenye korido. Sakafu ya choo iwe kavu. Mtafutie kiti kigumu chenye mikono. Kochi lako lile laini, hata mimi kuinuka ni kazi. Na hapa chooni tufunge chuma cha kushika."

Mume wa Kitinda, fundi wa kuchomelea, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alijishika kichwa.

"Mageti ya mtaa huu nimeyachomelea mimi," alisema. "Mama mkwe wangu hana hata pa kushika!"

"Basi kazi unayo, shemeji," Mama Mazoezi alisema. "Kifungwe ukutani kabisa, kwa boliti ndefu. Kisifungwe kwenye ubao, kitang'oka."

"Nikifunge urefu gani? Upande gani?"

"Msibahatishe. Muulizeni mwenyewe."

Kesho yake Kitinda alikwenda kwa kaka yake na utepe wa kupimia shingoni. Mama alikuwa ameketi barazani, mkongojo magotini.

"Vipimo vya gauni langu si unavyo?" Mama aliuliza.

"Leo sipimi gauni, Mama. Napima choo."

Mama alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Alitazama chini.

"Nani amekwambia?"

"Kile kikombe chako. Ulikiacha kimejaa."

Mama aligeuza mkongojo mikononi. "Niliona haya, mwanangu. Mtu mzima mimi, nimwambie nani aniinue chooni? Nilisema moyoni, wakijua wataniona mzigo."

Kitinda alipiga magoti mbele yake, machozi yakimlenga. "Mama, mimi ulinibeba mgongoni mpaka dada zangu wakaona wivu. Leo chuma kimoja ukutani ndicho kiwe mzigo?"

Mama alimpangusa machozi kwa kiganja, kama alivyofanya zamani. Halafu akainuka, akaonyesha kuwa mkono wake wenye nguvu ni wa kulia, na mahali anapopenda kushika. Kitinda alipima, akaandika katika daftari lake la vipimo, chini ya mikono na viuno vya wateja.

Chuma kilifungwa. Mume wa Kitinda alikivuta kwa mikono miwili, akajining'iniza kwa uzito wake wote. Hakikutikisika. Kisha akapaka rangi nyeupe ukingo wa ngazi mbili za mlangoni, ili Mama aone vizuri kila ngazi inapoishia.

Krismasi ikafika. Mama alishuka kwenye gari amevaa viatu vyenye kisigino kifupi na soli isiyoteleza. Kaka mkubwa akamshika mkono, akaanza kumvuta.

"Kaka, usimvute," Kitinda alisema. Mama Mazoezi alikuwa amewafundisha. "Simama upande wa mguu mgonjwa, mpe mkono wako aushike yeye. Twende, Mama. Kupanda, mguu wenye nguvu utangulie. Kushuka, mguu mgonjwa ndio utangulie."

"Kitinda umekuwa daktari?" kaka alimtania, lakini akatii.

Ndani, Mama alitazama huku na huku. Sakafu ilikuwa tupu. Vizulia vyote vilikuwa vimetundikwa ukutani, vinang'aa.

"Siku hizi mazulia yanapanda ukutani?" aliuliza.

"Yameadhibiwa," mkwe wake alijibu, na nyumba nzima ikacheka.

Mama alikaa kwenye kiti chenye mikono. Kitinda akammiminia chai nusu kikombe. Mama alikishika kikombe, akakitazama. Kitinda alijifanya anapanga sahani, lakini jicho lake lilikuwa pale pale. Mama akanywa kidogo. Akanywa tena. Akamaliza.

Baadaye alishika mkongojo, akainuka.

"Nikusindikize?" Kitinda aliuliza.

"Nitakuita nikikuhitaji."

Alikwenda mwenyewe kwenye korido yenye mwanga. Mlango wa choo ukafungwa. Mara maongezi yakafa. Dada akaacha kutafuna. Kaka akashika uma hewani. Kitinda alisimama karibu na korido, roho juu.

Walisikia maji yakimwagika. Kisha hatua, na mkongojo, tk, tk. Mama akatokea. Alisimama akawatazama wanawe wote, mmoja mmoja, jinsi walivyokodoa macho.

"Mbona mmenyamaza kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu?" alisema. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi bila haraka, akasukuma kikombe mbele.

"Kitinda, mwanangu, niongezee chai. Na safari hii ukijaze."