Marehemu wa Husuni Kubwa

"Dada, hiki kilikuwa kidimbwi cha kuogea cha sultani. Hesabu pembe zake, ziko nane," alisema Sauda, mtembeza wageni wa Kilwa Kisiwani.

Mwanaima hakuwa na habari na pembe. Katoka Mombasa siku mbili kwa basi, kamdanganya mchumba wake kuwa yuko Tanga kwa shangazi. Bwana huyo kila akisikia Kilwa hung'aka: "Magofu na mbu, utaona nini?" Lakini harusi imebaki siku tisa, na bibi harusi alitaka kumpigia video kutoka magofuni, amshtue. Ee, alimshtua!

"Mpenzi, kisia niko wapi!"

Nassibu alikuwa anatabasamu. Akaona magofu, akamwona na aliyesimama nyuma. Tabasamu likamkauka, akakata simu.

Sauda aliangusha chupa ya maji.

"Dada, huyo nani?"

"Mchumba wangu, Nassibu."

"Huyo ni marehemu mume wangu."

Mwanaima akacheka. Mwenzake hakucheka.

"Mashua yake ilikutwa imepinduka, mwaka wa pili huu. Maiti hatukuipata, tukamswalia hivyo hivyo. Nimemkalia eda miezi minne na siku kumi, hata wanja sikujitia."

Mwanaima akapiga tena, na tena. Mara ya nne ikapokewa, akaweka spika.

"Nassibu, huyu Sauda unamjua?"

"Nilichoka na ile ndoa. Ningempa talaka, mama angenilaani. Kufa ilikuwa rahisi."

Astaghfirullah! Anasema kama mtu aliyekosa basi.

Sauda akaisogelea simu.

"Mama yako kila kukicha alikwenda ufukweni kutazama bahari imekutema wapi. Akaacha kula. Tumemzika Mfungo Mosi, Idi ilipopita."

"Sauda! Mama amekufa?"

"Lia. Sisi tulishamaliza."

Nassibu akaangua kilio. Tusidanganyane, Mwanaima alimpenda sana mtu huyu. Hata pale ulimi ulitaka kumwambia pole. Akaung'ata.

"Kabla hujakata," Sauda alisema, "niache. Eda ya kwanza nimeikaa bure, hii nitaikaa nikijua. Dada huyu shahidi."

"Sauda..."

"Niache!"

"Nimekuacha."

Sauda akajifunika uso kwa mtandio. Kule simuni pua ikavutwa, koo likasafishwa.

"Mwanaima, umesikia? Sasa sina mke. Harusi yetu si iko palepale?"

Mwanaima aliitazama ile simu kama ameshika jongoo.

"Harusi gani? Huku hitima yako imeshaliwa, Nassibu. Mimi siolewi na maiti."

Akakata, akakaa ukingoni mwa kidimbwi cha sultani na kulia kwa sauti, hina ya majaribio haijafifia viganjani.

Sauda alimwacha alie. Kisha akaokota chupa yake, akampa maji yaliyobaki.

"Nyanyuka, dada. Msikiti Mkuu bado hujauona."