Kijito Kisichorukwa

Peres ndiye aliyenisimulia kisa hiki kwanza, Desemba ya 2017, siku aliyoacha kazi ya nyumba kwa dada yangu Nyakio. Alisimulia akifunga mifuko yake, bila kuinua macho.

Septemba ile mifereji ya nyumba za mtaa wetu wa Kileleshwa, hapa jijini, ilikuwa mikavu. Jioni moja yeye na Nyakio walishuka bondeni, upande wa Lavington, kuteka maji kwenye chemchemi. Nyakio alikuwa amembeba Becky mgongoni, mtoto wa miezi minane. Hapo kijito hutoka chini ya jiwe, upana wa kiganja tu.

Walipojaza mitungi, Nyakio akataka kukata njia.

"Mama Becky, usiruke hapo," Peres alisema. "Kijito hiki bado ni mtoto. Tuzunguke huko chini, penye amekua."

"Wewe na mambo zenu za ushago! Hapa ni mjini, si kijijini. Si ni maji tu?"

Akaruka.

Maji yakanyamaza... kama mtoto anayevuta pumzi kabla ya kulia. Ikapanda harufu ya maziwa. Kisha kilio chembamba, kutoka chini ya jiwe.

Becky hakulia. Alikuwa akisikiliza.

"Rudi uruke tena," Peres alinong'ona. "Haraka."

Nyakio alijua. Hata kwetu, mtoto akirukwa hakui, mpaka aliyemruka arudi amruke tena.

"Mimi ni shemasi, Peres. Nipigie maji magoti?"

Akashika njia.

Kila jioni Peres alimsihi. Kila jioni Nyakio alisema kesho. Alipokubali, Becky akiwa hajaongeza hata kilo moja, walikuta ukuta wa ghorofa mpya, na simiti imemwagwa juu ya chemchemi. Peres akalaza sikio hapo.

"Bado analia."

Nyakio aliruka juu ya simiti ile, huku na huku, viatu mkononi, mpaka soja aliyelinda mjengo akamtoa.

Daktari anasema ni homoni. Huenda. Hajaeleza kwa nini mtoto huamka nywele zimelowa, zikinuka maziwa. Nacho kijito, kinapotokeza huko chini ya ukuta, hata kwa mvua ya Aprili, hakizidi upana wa kiganja. Watu wanalaumu wajenzi.

Peres yuko hai, kwao Ugenya. Hapokei simu zetu. Nyakio yuko hai, ushemasi aliuacha.

Becky yuko hai. Mwaka huu ametimiza miaka minane. Nilimvisha mimi gauni alilobatizwa nalo akiwa mchanga, kwa kuwa mama yake hawezi kulishika.

Lilimtosha.