Siku Ambazo Hazikuja

Saa kumi na mbili asubuhi mke wa Sponji alikata kitunguu kimoja, akaacha kisu juu ya kibao, akakimbilia uani. Sponji alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alimsikia akitapika.

"Tena?" akauliza.

"Tumbo tu, baba watoto. Usinikazie macho."

Sponji alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kujaza sponji viti vya watu, hapo hapo barazani kwake. Mke wake alikuwa mpishi wa shule. Kwa miaka mingi alikuwa amekaanga vitunguu ndoo kwa ndoo bila kukunja pua. Sasa kitunguu kimoja kilimshinda. Harufu ya gundi ya makochi ndiyo usiseme. Akiisikia alifunga dirisha kwa kishindo. Jioni alirudi hoi, akalala kabla ya chakula. Usiku aliamka kila mara kwenda haja ndogo. Sponji aliyaona yote hayo na hakujua yanaelekea wapi.

Jumamosi mchana Sponji alikuwa amelala chali chini ya kochi, akipigilia misumari, na misumari mingine ameibana kwa midomo. Mke wake alikuwa ndani akiongea na dada yake kwa simu. Nyundo iliponyamaza, sauti ikamfikia.

"Ndiyo hivyo, dada. Siku zangu zimekwisha, tusidanganyane. Lakini shemeji yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Sponji nusura ameze msumari.

Alichungulia dirishani. Mke wake alikuwa akicheka kwenye simu. "Mwanamke huyu anakufa huku anacheka," akawaza.

Baadaye mke wake akatoka barazani. "Ukienda kununua vitambaa, nipitie duka la dawa. Niletee dawa za vidonda vya tumbo, zile alizotumia jirani."

"Twende hospitali, mke wangu."

"Hospitali ya nini? Kwa kichefuchefu?"

Sponji akaenda. Nyuma ya kaunta ya duka la dawa alikuwapo mfamasia, mwanamke mwenye miwani ambaye hakuwa na haraka ya kuuza.

"Nani amesema ana vidonda vya tumbo?"

"Jirani."

"Jirani ni daktari?"

"Anauza mkaa."

Mfamasia akavua miwani. "Haya, kaka. Nieleze anavyojisikia."

"Anatapika asubuhi. Harufu zinamchukiza. Anachoka hovyo. Usiku haja ndogo haimpi usingizi. Na anasema matiti yanamuuma."

"Siku zake je? Mara ya mwisho zilikuwa lini?"

Sponji akashika ukingo wa kaunta. "Dada yangu, siku zake zimekwisha. Nimemsikia kwa masikio yangu akimuaga dada yake."

"Nauliza hedhi, kaka. Damu ya kila mwezi."

"Hizo ndizo siku?"

"Ndizo. Wewe ulidhani siku zipi?"

Sponji alipangusa macho kwa mkono wa shati. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mfamasia alielewa, akageukia rafu kidogo, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa umetulia.

"Mkeo ana umri gani?"

"Arobaini na miwili."

"Katika umri huo hedhi isipokuja, wengi hudhani imekoma. Inawezekana. Lakini ikikosekana, na kuna kichefuchefu, uchovu na matiti kuuma, kwanza tunaangalia kama ni mimba."

"Mimba? Mtoto wetu wa mwisho ananizidi urefu!"

"Mimba haiulizi hayo. Ila dalili peke yake hazithibitishi kitu. Maradhi pia huweza kuleta dalili kama hizi, ndiyo maana tunapima. Dawa ulizotumwa sikuuzii. Baadhi ya dawa za tumbo zinaweza kuharibu mimba. Asimeze chochote kabla ya kuuliza, na pombe asiiguse."

Akampa kipimo cha mkojo. "Atumie mkojo wa kwanza wa asubuhi, afuate maelezo ya kwenye pakiti. Kwenye kipimo hiki, mistari miwili ni mimba. Aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Mstari mmoja, na hedhi bado haijaja, arudie baada ya wiki. Hata hapo isipokuja, amwone mhudumu wa afya. Na akitokwa damu, akiumwa sana tumbo, au akizimia, ni hospitali saa hiyo hiyo."

Nyumbani mke wake alikitazama kile kipimo, kisha akamtazama yeye.

"Sponji, umepatwa na nini? Nimeshakoma, mimi. Ni umri."

"Nilidhani unakufa."

"Nani?"

"Wewe. Nilikusikia ukisema siku zako zimekwisha."

Mke wake aliketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamvuta mumewe karibu, akampapasa kichwa kilichojaa vumbi la mbao.

"Pole, mume wangu. Ulikuwa unanizika peke yako?" Akakigeuza kipimo mkononi. "Na kama ni mimba kweli? Kwa umri huu?"

"Tujue kwanza," alisema Sponji.

Jumapili asubuhi ilitokea mistari miwili. Sponji alihamisha makopo ya gundi mpaka kwenye kibanda kilicho mwisho wa ua kabla hata ya kunywa chai.

Jumatatu walikwenda kliniki pamoja. Mkunga alirudia kipimo, akauliza tarehe ya hedhi ya mwisho, akapima presha, damu na mkojo.

"Ni mimba," alisema, "na bado ni changa."

"Atakuwa salama?" Sponji akauliza.

Mkunga hakumpa ahadi ya bure. "Katika umri huu presha na sukari hupanda kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo tutamwangalia kwa karibu, na atapigwa picha ya tumbo kwa ultrasaundi. Leo presha ni nzuri, na vipimo vingine havina tatizo. Mmekuja mapema, na hilo linatusaidia sana."

Alimshauri mama ale kidogo kidogo, mara nyingi, kichefuchefu kipungue. Kisha akampa vidonge vya foliki asidi, vinavyosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri, pamoja na kikombe cha maji.

Mke wa Sponji alimeza kidonge cha kwanza pale pale. Mumewe aliikodolea macho shingo yake mpaka kikapita.

"Baba watoto," alisema, akirudisha kikombe mezani, "nimeshameza. Pumua."

Sponji akapumua.