Mwanamke Aliyekosea Majina

Jumapili moja mwaka wa 1994, jua likizama nyuma ya vilima vya Kathiani, Mutheu alimfunga mtoto mgongoni akaenda kumrudishia jirani yake ungo. Hakukusudia kukaa. Maharagwe yalikuwa motoni.

Jirani huyo, Mbula, ndiye pekee pale kijijini aliyekuwa na televisheni. Ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na ilitumia betri ya gari. Chumba kilinuka asidi na mafuta ya taa.

"Kaa, mwaitu. Muindi ameanza."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hata rafiki huitwa hivyo kwa heshima. Mutheu akakaa pembeni kabisa ya kiti. Ndivyo alivyokuwa. Hata kanisani akiombwa kusoma, sauti yake haikufika benchi la pili.

Kwenye kioo, mtangazaji Muindi alikuwa ameketi katika kiti chake kikubwa cha mikono. Mchezo uliitwa Ukiitwa Itika. Kila Jumapili alichomoa kadi moja sandukuni na kuita jina mara tatu. Mwenye jina alienda studio kujibu maswali, na akibahatika alirudi na baiskeli.

"Angalia nywele," Mbula alisema. "Nikiwa darasa la tatu zilikuwa nyeusi hivyo hivyo. Huyu mzee wanamweka kwa friji."

Mutheu alichekea ndani ya leso.

"Na ushawahi kuona miguu yake? Hasimami. Mamake alizikwa huko Wamunyu, yeye hakuja. Alituma maua tu."

"Labda alikuwa kazini."

"Kazi gani ya kukosa kumzika mamako?"

Muindi akachomoa kadi. Akaitazama kwa muda mrefu... mrefu kupita kawaida.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Hakuna kosa hata moja."

Mutheu akashtuka. Alikuwa ametuma kadi mbili. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa moja tu, ya pili aliiandika kwa jina la mtoto, herufi moja moja, kwa wino mweusi.

"Nduku Mutheu wa Kathiani," Muindi akasoma. Kisha akaita. "Nduku."

Betri ikalia. Jiii...

Picha ikafifia pembeni, lakini uso ulibaki. Macho yake hayakuwa tena kwenye kadi. Yalitazama mgongoni mwa Mutheu, mahali mtoto alipokuwa. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungiwa mahali siku nyingi.

"Nduku."

Safari hii sauti haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka karibu na sikio lake, pamoja na harufu ya nguo zilizokaa sandukuni miaka mingi.

Nyanyake Mutheu aliwakataza wajukuu kuitika jina likiitwa gizani kabla hawajamwona anayeita. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu atajuaje? Wiki hiyo tu ndipo Nduku alipojifunza kuitika. Ukimwita alisema, "Ee," na watu wote wakapiga makofi.

Mbula aliuvuta waya wa betri. Ukachomoka.

Picha haikuzima.

Mutheu alihisi kifua cha mtoto kikijaa pumzi mgongoni mwake.

"Ndu..."

"Ee!" Mutheu akaitika, kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Ni mimi. Niko hapa."

Muindi akafumba macho.

"Asante, mama," akanong'ona.

Kisha akasimama. Alikuwa na miguu.

Mbula alipogeuka, leso ilikuwa sakafuni, bado ina fundo lake. Mtoto alikuwa ndani yake, analia. Mutheu hakuwepo.

Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kile kiti.

Magazeti yaliandika kwamba mchezo umepata mtangazaji mpya. Watu wa studio walimpaka poda, wakamwashia taa, wakamaliza, wakazima, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza mbona yeye haendi. Mwaka wa kwanza alijaribu kusimama kila siku. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu. Alijaribu kuwaambia, lakini mdomo ulitoa maneno ya mchezo tu. Karibuni tena Jumapili.

Jambo moja tu aliliweza. Kukosea.

Kuna Jumapili mikono ya kiti ilipata joto chini ya viganja vyake, na kioo kikamfungukia mpaka akakiona chumba cha mwenye kadi, sufuria zake, watoto wake. Alijua basi kwamba kiti kinataka mtu. Siku hizo alisoma vibaya. Waruguru akawa Wariguri. Ramadhan akawa Ramithan. Hakuna aliyeitika, na joto likapoa.

Nchi nzima ilimcheka. "Huyo aliishia darasa la saba, atajua kusoma aje?"

Miaka kumi na minne. Yeye ambaye shuleni hakuwahi kukosa neno hata moja la imla.

Mwaka wa 2008 alichomoa kadi yenye mwandiko kama wake. Nduku Mutheu wa Kathiani. Nyuma kulikuwa na maneno machache. *Mama Mbula amenikataza kuandika. Nataka tu uniite.*

Kiti kikawaka joto.

Kioo kikafunguka. Chumba kilikuwa kilekile. Mbula, mwenye mvi sasa, alikuwa mlangoni akitikisa kichwa. Mbele yake, pembeni kabisa ya kiti, aliketi msichana.

"Ndaku," Mutheu akasoma.

Msichana akainua macho.

"Ndoku."

Msichana akasogea karibu na kioo. Alikuwa anatabasamu.

Mutheu alitaka kunyamaza. Mdomo haukumkubalia. Akatafuta kosa kubwa kuliko yote.

"Ndeki."

"Ee, mwaitu," msichana akaitika.

Hakuwa ameitika jina. Alimwitika aliyeita. Na alikuwa amemwona.

Mutheu akahisi baridi. Mwanzoni hakujua ni ya nini. Ilikuwa ni sakafu, chini ya nyayo zake.

Akaishika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, asisimame.