Wasikilizaji Watano wa Chura Mmoja

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya Januari, kivuko cha Mto Brisbane kilifurika abiria, na mwanamke mwenye koti la mvua la manjano alisimama katikati ya msongamano, amefumba macho. Mfunga kamba wa kivuko, Davor, alimwuliza kama anaumwa. Mwanamke huyo, Imogen, alichomoa spika moja ya sikioni, akampa.

"Unasikia nini?"

"Mvua. Na mtu anagonga kijiko kwenye kikombe."

Kijiko hicho kilikuwa chura. Imogen alikuwa mtafiti, na vinasa sauti vyake vya msituni vilikuwa vimerekodi saa nyingi kuliko mtu mmoja angeweza kuzisikiliza maishani mwake. Ndiyo maana aliomba watu wa kujitolea. Kila kipande cha sauti kilisikilizwa na watano, kila mtu kwake, kwa sharti moja: hakuna kuambiana.

Davor alijiandikisha siku hiyohiyo kwa ajili ya koti la manjano. Akabaki kwa ajili ya vyura. Kufikia Juni walikuwa wakipikiana. Davor alimwita "bosi wa vyura", naye akamwita "nahodha", cheo asichokuwa nacho. Jioni moja, akimenya viazi, Imogen alimweleza chura anayemtafuta: wa mlimani, hajasikika miaka mingi, analia kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa mara mbili.

Wiki iliyofuata, kwenye kipande kimoja, wanne walisikia mvua tu. Davor alisikia mlango.

Imogen alilifuta jibu lake, akampigia simu.

"Umesikia nilichotaka mimi, mpenzi."

"Unasema nimedanganya?"

"Nasema unanipenda."

"Basi na hilo lifute," alisema Davor, akakata simu.

Hakupiga tena. Imogen aliupima ukweli bila kujipendelea: aliyevunja sharti ni yeye mwenyewe, jioni ile ya viazi; aliyeadhibiwa ni Davor. Alipunguza kelele ya mvua kwenye kipande kile, akakichanganya na vingine, akawapa wasikilizaji wapya watano wasiojua kinachotafutwa. Wote waliandika jambo moja: kitu kama bawaba, mara mbili. Akapanda mlimani. Chura alikuwa chini ya jiwe la kijito, mdogo kama kidole gumba.

Akashuka moja kwa moja hadi kivukoni.

"Yupo," alisema. "Nimemwona. Ulisikia sawasawa."

"Nilijua."

"Mimi sikujua, nikakuhukumu. Nisamehe, nahodha."

Davor aliendelea kushika kamba.

"Nina swali moja," alisema Imogen. "Geuka. Hakuna kuambiana."

Walisimama mgongo kwa mgongo.

"Tuoane? Anayekubali anyooshe mkono."

Imogen alinyoosha wake. Nyuma yake hakusikia kitu ila injini. Hakugeuka, sharti ni sharti. Alimtazama bibi mwenye kikapu cha nyanya, aliyeketi kwenye benchi la mbele yake.

"Mama, tafadhali, unaona nini?"

Bibi aliwatazama bila haraka.

"Mikono miwili," alisema. "Mmoja wako, mmoja wake. Na kamba ameiachia."