Madumu ya Shamba la Zabibu

Kwenye mashine ya Joha ya kukamua alizeti, pale Ipagala, hakikutupwa kitu. Mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yalikwenda kwa wafuga kuku. Magunia yalitiwa viraka mpaka yakachoka yenyewe. Kilichomuumiza kichwa ni madumu. Kila mteja alipewa dumu jipya, na faida yote iliishia humo.

Siku moja Yotham, mwendesha mashine, alileta madumu ya lita tano kutoka mashamba ya zabibu.

"Wameyatupa tu, dada. Tuyaoshe, tuyatumie."

Rahisi ni ghali, walisema wahenga, lakini mwenye furaha hakumbuki methali. Yotham aliyabandua karatasi, kisha wakayaosha kwa maji ya moto na sabuni. Wakajaza sita. La kwanza lilichukuliwa na Bi Edina, anayewapikia maandazi watoto wa chekechea. Kama ilivyo kawaida ya wateja wa pale, alichovya kidole kwenye mafuta yaliyotoka mashineni, akalamba, akaridhika.

Mchana Joha alishika dumu la saba. Kipande cha karatasi kilikuwa kimebaki chini ya mshikio wa dumu. Kilikuwa na picha ya fuvu la mtu.

"Yotham, haya yalikuwa ya nini?"

"Ya dawa ya kunyunyizia zabibu. Lakini si tumeyaosha?"

Matano mengine yalikuwa bado hayajauzwa. Joha alimpigia simu Bi Edina. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Alipanda bodaboda, akimwomba Mungu watoto wawe hawajala.

Alimkuta jikoni. Maandazi ya kwanza yalikuwa yakielea kwenye karai.

"Shikamoo, mama. Yupo aliyekula?"

"Marahaba. Bado. Kuna nini?"

Joha aliepua karai, akakaa chini, akalia. Kisha akasema ukweli wote.

Bi Edina hakugomba. Alimwita Bwana Cornel, afisa afya wa kata.

"Kutumia vitu tena ni jambo jema," alisema Cornel. "Lakini uliza kwanza: hiki kilibeba nini? Dumu la sumu haliwi la chakula, hata ulioshe mara mia. Plastiki hunywa sumu, na mafuta huitoa. Yatoboe madumu hayo, mtu asiyatumie tena, uyarudishe kwa muuza dawa. Mafuta yaliyomo usiuze, wala usiwape kuku. Nitayachukua mimi."

"Na madumu nitapata wapi?"

"Kwa wateja wako. Andika jina la mtu kwenye dumu lake. Akilimaliza, alirudishe. Lioshwe, likauke, lijazwe tena."

Joha alifanya hivyo. Msimu uliofuata alinunua madumu mapya machache tu, na jalala lake lilipungua. Ila Bi Edina hakuonekana, na kila siku Joha alitazama mlangoni kwa hofu.

Asubuhi moja alikuja, ameshika dumu jipya, halijaandikwa kitu. Joha aliandika jina, akajaza, akamsogezea achovye kidole.

"Chovya wewe kwanza," alisema Bi Edina.

Joha akachovya, akalamba, akameza. Bi Edina alimtazama usoni kwa muda, kisha naye akachovya.