Kanda ya Mwanakuu

Wimbo wa jumba la barafu ulikuwa umerefuka tena. Gunga aliutazama muda aliouandika mwenyewe kwenye kompyuta, akaitazama saa ya ukutani, kisha akairudisha kanda nyuma na kuusikiliza upya.

Katika duka la kanda la Faraj, Makadara, kazi yake mwaka ule wa 1997 ilikuwa kuipanga miziki ya michezo ya video: jina la mchezo, mtunzi, hatua ambapo wimbo hupigwa, kama ile ya jumba la barafu, na urefu wake. Vijana waliocheza michezo hiyo waliinunua miziki yake kwa kanda, na Faraj alitaka kila wimbo upatikane kwenye kompyuta kabla mteja hajamaliza kuuliza. Gunga hakuwa na desturi ya kukosea urefu.

Safari hii muziki ulipokoma, ngoma iliendelea. Ilisikika kwa mbali, mithili ya mtu anayetwanga nyumba ya tatu, na pamoja nayo ikaja harufu ya udi.

Alizima. Alijua ile ilikuwa kanda ya nani.

Mwanakuu, mama mtu mzima wa Mji wa Kale aliyeshona kofia, alikuwa ameileta ili atolewe nakala. "Ni ngoma ya pepo wangu," alimweleza bila haya. "Aliyeipiga ameshafariki, na hapana mwengine aijuaye. Kila Alhamisi alasiri humwekea, akasikiliza, akatulia. Nitunzie, mwanangu."

Vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda vilikuwa vimevunjwa, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Gunga aliisikiliza mara moja, akajikuta akiuimba wimbo wa ngoma ile kwa sauti ya chini siku nzima. Kisha kanda tupu zikaisha dukani, Faraj akawa anamhimiza, naye akaziba matundu yale kwa selotepu na kuurekodi muziki wa jumba la barafu juu ya ngoma. Alijiambia kwamba kanda ya mama mmoja haiwezi kusimamisha kazi ya duka zima.

"Shikamoo, mama," alimwamkia kila alipokuja kuiulizia.

"Marahaba, mwanangu. Kanda yangu je?"

"Bado kidogo, mama. Mashine ina kazi nyingi."

"Hewala. Nitarudi." Na kila aliporudi alikuwa amekonda zaidi, akitembea kwa kushika kuta.

"Mwambie imeliwa na mashine," Faraj alimnong'oneza. "Kanda huliwa kila siku. Au wamuogopa mshona kofia?"

"Simuogopi yeye."

"Wamuogopa nani basi?"

Gunga aliisukuma kanda ndani ya mtoto wa meza.

Alhamisi moja akaja Mejumaa, binti wa Mwanakuu, macho yamemvimba. "Mama hali wala hanywi," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaa agonga sakafu kwa vidole, atafuta mapigo, hayapati. Mzee Athmani, mganga wake, auliza kanda i wapi."

Gunga aliitoa kwenye mtoto wa meza, akamfuata.

Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa na chetezo cha udi kinafuka. Athmani aliitia kanda kwenye redio, na muziki wa jumba la barafu ukalia, mchangamfu, wa kitoto, mahali ambapo haukustahili kulia, ukakoma, na chini yake ngoma ikapanda, ikapanda hadi vikombe vikatetemeka kabatini, na Mwanakuu, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa na nguvu za kuinua shingo, akaketi wima na kuuliza kwa sauti nzito ya kiume, "Nani aliyenifunika?"

"Ni mimi," Gunga alisema. "Nilijua kanda ni ya nani. Niliziba matundu kwa mkono wangu."

"Wimbo wangu waujua?"

"Usijibu," Athmani alinong'ona, akimshika kanzu. "Mwanangu, neno hilo usilijibu."

Lakini Gunga aliitazama midomo ya yule mama iliyopasuka kwa kiu, akaikumbuka kila "hewala" aliyoambiwa kwa imani na kuipokea kwa uongo, akaona kwamba hana malipo mengine ya kutoa, naye akafumba macho na kuuimba wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea pigo hata moja.

Mwanakuu alilala. Alipoamka aliomba uji.

Athmani alikusanya vitu vyake bila kumtazama Gunga. "Ametoka," alisema. "Lakini si mimi niliyemtoa."

Alhamisi iliyofuata, alasiri, wimbo wa jumba la barafu, kwenye kanda ileile aliyorudi nayo dukani, ulikoma pale ulipopaswa kukoma. Gunga aliurudia, akasikiliza kimya kilichofuata, akashusha pumzi. Aliandika urefu wake sahihi.

Ndipo harufu ya udi ikaingia dukani. Mlangoni alisimama Mwanakuu, mzima wa afya, chetezo mkononi. Gunga alifungua kinywa amwamkie, lakini mama yule alimtangulia. Aliinamisha kichwa, akakunja magoti mbele ya kijana wa umri wa wanawe.

"Shikamoo, bwana," alisema.

"Marahaba," ilijibu sauti nzito kinywani mwa Gunga, na juu ya meza ya kompyuta vidole vyake vikaanza kupiga ngoma.